Barua ya Wazi kwa Afisa wa Viza: Mpokee Bibi Yangu Awe Rehani

Mheshimiwa,

Tunashukuru kwa majibu ya juzi. Mke wangu umempa viza ya Schengen, mimi umeninyima. Mara iliyopita ilikuwa kinyume chake: mimi nilipata, yeye akakosa. Akaunti ni ileile, cheti cha ndoa ni kilekile, hata kitanda cha hoteli ni kimoja. Nadhani mnarusha shilingi.

Kisanduku ulichotia alama kinasema kuna shaka kuhusu nia yangu ya kuondoka kwenu kabla viza haijaisha. Nilileta barua ya mwajiri yenye muhuri, hati ya kiwanja cha Kibaha na taarifa ya benki ya miezi sita. Dirishani nikaulizwa pesa za Desemba zimeingiaje ghafla. Ni mgao wa kikoba, mheshimiwa! Kisha karani akahesabu usiku wetu mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu, Lisbon, Madrid, Paris, Roma, akarudi nyuma, akasimama. "Na huu mnalala wapi?" Kwenye basi la kwenda Madrid, nikamjibu, tunabana matumizi. Akanitazama kana kwamba nimesema tutalala juu ya mti.

Kwa kuwa karatasi hazitoshi, naleta rehani: bibi yangu, mzaa mama, wa Tanga. Mkae naye ubalozini mpaka nirudi. Hana makuu. Anataka mkeka, redio ya kusikilizia matangazo ya vifo, na saa kumi jioni kahawa na kashata. Maafisa wa kiume atawaita "mume wangu" na wa kike "mke mwenzangu". Msishtuke, ndio utani wa bibi. Konseli atamuuliza mshahara wake ni kiasi gani, mbona amekonda na kwa nini hajaoa. Asimjibu kwa mkato, maana bibi naye hupenda ushahidi. Balozi akitoka mapema, ajiandae kueleza getini anakwenda wapi, kwa nani, na ana nia gani ya kurudi. Nisipotokea tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, bibi ni wenu moja kwa moja, yeye na dawa zake za presha, pamoja na kadi zote za michango ya harusi anazoletewa na ukoo mzima.

Mengine ni madogo. Simu yenu ipokelewe na mtu. Pale tunaposubiri wekeni feni.

Halafu kuna bima. Mnataka kila mmoja wetu awe na ya yuro 30,000, igharimie matibabu, na tukifa irudishe maiti nyumbani. Kwa hiyo maiti yangu mmeipangia safari ya kurudi. Ni mimi mzima ndiye mnayenitilia shaka. Nani aliwaambia kila mtu wa huku anatafuta pa kukimbilia? Nina mama hapa, nina kazi, nina watu wa kunizika! Msafiri wa kwenu anashuka KIA, analipa dola 50, anagongewa muhuri, na jioni yuko Moshi anakunywa bia. Wapo waliokuja Nungwi kwa likizo wakabaki huko wakafungua baa, na hakuna aliyewadai bibi zao. Ninyi mnapokea ada, iliyokuwa yuro 80 na tangu Juni 2024 ni 90, mnaninyima viza, na pesa mnabaki nazo. Huku mtaani jambo hilo lina jina lake.

Uniwie radhi, mheshimiwa, nimepandisha sauti na nyuma yangu foleni ni ndefu.

Bibi ameshafunga mzigo. Mke wangu amekataa kwenda peke yake, hivyo viza uliyompa itaisha ikiwa kabatini. Nimeingia kwenye mtandao wenu kuomba miadi mpya: nafasi ya karibu ni Novemba. Safari yetu ni Septemba, na tiketi hazirudishiwi pesa.

Wako mtiifu,
Mwombaji aliyekataliwa