Nani Mwenzangu?

Bosi wangu kagundua kwamba ofisi yetu haina adabu. Si kwamba tunatukana wateja, la hasha. Kosa letu ni kupokea simu kwa Kiswahili. Basi Jumatatu akanibandikia karatasi hapa mapokezi, kando ya simu ya mezani: maneno 22 ya heshima ya Kiingereza, kuanzia kupokea simu hadi kumsindikiza mgeni. Nami ili ulimi usinikwame, nikaandika matamshi yake kwa kalamu nyekundu: "Thenkyu fo koling, hau mei ai helpu yu?"

Mteja wa kwanza akakata. Wa pili akakata. Wa tatu, mzee wa Mbagala anayechukua nondo kwetu, alipiga mara nne, mwisho akapanda daladala akaja mwenyewe.

"Mwanangu, simu yenu haipatikani? Kila nikipiga, yule dada wa mtandao ananisemesha Kizungu. Nakata asije akanimalizia salio."

Zamani ningesema, "Haloo, nani mwenzangu?" Angejitaja, ningempa shikamoo yake, tungeulizana habari za nyumbani na za mvua, na oda ingekuwa imeshaandikwa. Hata hiyo haloo haikupatikana kwa amani: Bell, mwenye simu yake, alitaka watu waitane "ahoy" kama mabaharia, naye Edison mwaka 1877 akapigia debe "hello". Edison akashinda. Hodi hawakuifikiria.

Mlango wa bosi ulikuwa wazi, ikabidi mzee nimpokee kwa karatasi. "Wudi yu maindi weiting?"

"Mahindi? Mimi nimefuata nondo."

Nikarudia, nikimwonyesha kiti. "Yes," akasema kwa unyenyekevu, akaketi. Kumbe kwa Kiingereza "yes" hiyo maana yake kusubiri kunamkera! Anayekubali ndiye anayesema "no". Sasa aliyeridhika na aliyenuna nitawatofautishaje?

Ikafuata chai. Kwetu chai mgeni haulizwi, anamiminiwa. Karatasi inataka aulizwe: chai au kahawa? Mzee akajibu, "No, asante," kama alivyofundwa kwao, akingoja nimbembeleze. Nikapekua mistari yote 22. Wa kubembeleza haumo. Tukakaa saa nzima, yeye akiitazama chupa ya chai, mimi nikimtazama yeye, kila mtu na adabu zake.

Jumatano bosi akasafiri kwenda Morogoro. Alhamisi asubuhi akaingia kakunja uso, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Jana simu ya ofisi ilikuwa mbovu?"

"Hapana, bosi."

"Mbona nimepiga mara tano, kila mara napokewa na yule dada wa mtandao? Nikawa nakata, asije akanimalizia salio."