Unga Unaopenda Maji Kupita Kiasi

Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kabla chipukizi halijamaliza wanga uliohifadhiwa ndani ya punje, na kwa kuwa wapishi wa togwa na pombe za kienyeji wamekitumia tangu zamani, neno lenyewe si geni. Kinachohitaji maelezo ni unga wa dondoo ya kimea, ambao hupatikana kiwandani kwa kuloweka kimea cha shayiri katika maji moto hadi wanga ugeuke sukari, kuyachemsha maji hayo matamu mpaka yawe mazito kama asali, kisha kuyanyunyiza kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto, yakafika chini yakiwa unga laini. Anayetengeneza bia nyumbani huurudishia unga huo maji, akauchemsha pamoja na hopsi, yaani maua machungu yanayoipa bia ukali na harufu yake, kisha akaupoza na kuutia hamira.

Nchini Marekani shughuli hiyo ina baraka za sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, ambayo huiruhusu kaya yenye watu wazima wawili au zaidi kutengeneza hadi galoni 200 za bia kwa mwaka, takriban lita 757, kwa matumizi yake yenyewe. Sheria hiyo ilitaja kiasi kinachoruhusiwa kutengenezwa, lakini ilinyamaza kabisa kuhusu kiasi kinachoruhusiwa kuishia juu ya jiko.

Chanzo cha balaa ni tabia ya unga huo ya kuvuta unyevu kutoka popote ulipo, kiasi kwamba mvuke wa sufuria huufikia mdomo wa pakiti kabla pakiti haijainamishwa sawasawa. Theluthi ya kwanza humiminika kwa heshima zote. Iliyobaki hugeuka gundi palepale mdomoni, na mpishi anapoitikisa pakiti haitoi kitu, anapoikwangua kwa kijiko hukipoteza kijiko, na anapokifuata kijiko kwa vidole hubaki na mkono usioweza kushika simu wala kufungua bomba. Unga uliofanikiwa kufika majini nao hujikusanya kuwa madonge, kwa sababu tabaka la nje hulowa upesi na kuwa ngozi nzito inayoyazuia maji yasipenye, huku katikati ya donge kukiwa kukavu kama vumbi la kiangazi. Donge likibanwa kwa mwiko ukingoni mwa sufuria huponyoka na kuibukia upande wa pili, na lile linalozama hutulia chini, likaungua taratibu na kuiachia bia ladha ambayo hopsi haziwezi kuificha.

Madonge yakishamalizwa huja zamu ya povu, ambalo husababishwa na protini za shayiri na huumuka mara tu sufuria inapokaribia kutokota, hasa katika dakika ile moja ambayo mpishi ameinama kuutafuta mfuniko. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki, lakini hawakuwa wamemwaga maji ya kimea, ambayo huzoleka vizuri sana, siku ya pili, kwa kisu, yakiwa yameganda juu ya jiko kama lami.

Kinachostaajabisha ni kwamba mtu huyu ana mizani inayopima gramu, kipimajoto na dawa ya kutakasia vyombo, ila amekosa elimu aliyonayo kila aliyewahi kukoroga uji, kwamba unga hutangulizwa kwenye maji baridi. Sababu hazifanani, maana unga wa uji ni wanga unaovimba na kushikana upatapo moto, ilhali unga wa dondoo ni sukari inayonatishwa na mvuke. Hata hivyo dawa ni ileile. Unga wote ukorogwe katika maji ambayo bado hayajatoa mvuke, sufuria ipewe nafasi ya kutosha juu ya maji, na moto ukolezwe baadaye. Na aliyekwisha kuchemsha maji yake kwa pupa azime jiko, achanganye unga pembeni kwa maji baridi, ndipo aurudishe sufuriani. Kijiko kilichonasa kwenye pakiti kilowekwe katika maji moto, kwani huko, bila kukorogwa na yeyote, kimea huyeyuka chote.