Sifa za Mheshimiwa Fulana ya Buku Tano

Itifaki imezingatiwa. Viongozi wa chama chetu cha ushirika, AMCOS, wazee wa hapa Nkowe, kina mama wenye sare zenu, vijana wenye modo: fedha za korosho zimeingia, na kama ilivyo ada, mgeni rasmi naye kafika. Simsemi mkuu wa wilaya. Namsema Fulana ya Buku Tano, anayefungwa furushi Kariakoo, akapandishwa basi la Kusini, akatandazwa juu ya turubai na kuitiwa wateja kwa kipaza sauti. Salfa ya mikorosho inaweza kuchelewa, malipo yanaweza kuchelewa, yeye hachelewi. Kiongozi wa namna hii akikosa wa kumsifu, tutakuwa watu wasio na fadhila.

Nianze na uhodari wake wa kutawala. Mkoa wetu wa Lindi una kisa na pamba. Mjerumani aliwalazimisha watu wa Umatumbi kuilima kwa kiboko, kwa malipo ya kudharaulika. Julai 1905, pale Nandete, Kilwa, waliing'oa, na Vita vya Majimaji vikaanza. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa bunduki, kisha ikachoma vyakula. Wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000 wakafa kwa vita na njaa. Masikini Mjerumani! Angemjua Fulana, asingehangaika na kiboko. Sisi wajukuu hatuswagwi na akida. Tunasukumana wenyewe, na tukikosa saizi tunanuna. Sare ya unyago wa mwaka jana nani atairudia mwaka huu? Watu watasema nini?

Pili, ni mkubwa wa matumizi, kama ilivyo desturi ya wakubwa. Inakadiriwa kuwa fulana moja ya pamba, tangu shambani hadi dukani, humaliza lita 2,700 za maji. Kwa kipimo cha kisimani hizo ni ndoo 135 za lita 20. Mama aliyeamka alfajiri akarudi na ndoo moja kichwani, akikutana na Mheshimiwa njiani, ampishe. Kule mpakani mwa Uzbekistan na Kazakhstan, Bahari ya Aral ilishampisha: tangu miaka ya 1960 mito yake ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba, na ziwa lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likakauka kwa sehemu kubwa, meli zikabaki mchangani.

Tatu, ni bingwa wa kupita vizuizi. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na rambo zikaondoka madukani. Poliesta inayochanganywa na pamba kwenye Fulana nayo ni plastiki, inatokana na mafuta ya petroli. Lakini imefumwa, ikatiwa kola, na hakuna askari aliyeisimamisha. Kila ikifuliwa humwaga vinyuzi visivyoonekana kwa macho, vikafuata maji hadi mtoni na baharini. Rambo ilibeba nyanya ikashitakiwa. Fulana anabebwa mabegani mwa watu, tena kwa maringo.

Nne, anajali ratiba. Vyaelea, vimeundwa, na waundaji wake hawaruhusiwi kuchelewa. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi mashineni kesho yake, kwa kuwa oda za Ulaya na Marekani zilikuwa zinasubiriwa na fasheni haingoji. Jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134, wengi wao wanawake. Mshahara wa chini wa mshonaji nchini humo ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, kama dola 38. Sasa mnaelewa namna buku tano inavyotosha.

Tano, ni mwanadiplomasia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba, ndugu zake Fulana, ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakashitaki kwa serikali yao, nayo ikatishia kuufunga mlango wa AGOA, uliokuwa ukiingiza bidhaa zetu kwao bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa kimeshafifia zamani. Pamba ya Simiyu na Shinyanga nayo, sehemu kubwa, huondoka nchini ikiwa marobota, kama korosho zetu zinavyoondoka na maganda yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, na mwenyeji kauza cherehani.

Sita, ana adabu za ugeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hakuna anayeitii methali hii kama yeye. Siku ya kwanza yuko harusini. Akifuliwa, kola inajikunja, mshono wa begani unaachia, rangi inahamia kwenye shuka. Akifuliwa tena, anakwenda kupalilia ufuta. Kumpeleka kwa fundi ni kujiaibisha: nani atoe buku mbili kuziba kitu cha buku tano? Basi anakuwa tambara, kisha anachomwa nyuma ya nyumba, maana gari la taka haliijui njia ya vijijini. Pamba ikiungua huacha majivu. Poliesta huyeyuka ikadondosha matone meusi, na moshi wake huwaingia watoto machoni.

Nahitimisha kwa tahadhari. Mheshimiwa ana maadui, na wengine tunaishi nao hapa hapa. Ni watu wa ajabu: hushika kitambaa kabla ya kuuliza bei, huvuta mshono, huigeuza nguo ndani nje, hurudia sare ya mwaka jana bila haya, na shati likichanika humpelekea fundi. Nguo moja huivaa hata miaka mitano. Msikae nao karibu, waheshimiwa. Wakiwa wengi, wataanza kudai waambiwe bei yake kamili, pamoja na maji, moshi na maiti. Na bei hiyo hakuna mwenye mikorosho anayeimudu.