RAV4, X-Trail na Kamati Isiyochangia Hata Shilingi

Hapa Dar es Salaam, siku utakayotamka kwamba unatafuta gari la fowili ndiyo siku utakayojua una ndugu wangapi. Ukihama nyumba hawashiki hata ncha ya godoro. Ukisema gari, kamati inakamilika kabla chai haijapoa, na kila mjumbe ana hoja nzito, isipokuwa ile ya kuchangia.

Fowili kwangu haikuwa mambo ya fahari. Sisi tunakaa Goba, ile ya ndani ndani. Lami ipo, ila inapita kwa wenzetu. Ukiiacha unakutana na kilima ambacho kiangazi ni vumbi na masika ni mlenda. Kuanzia Machi hadi Mei, wenye magari madogo wanayaacha kwa mangi pale barabarani, wanakunja suruali na kupanda viatu mkononi. Jirani yangu mmoja huvaa tai kabisa, akawa nadhifu kuanzia kiunoni kwenda juu.

Mfuko ulipohojiwa ulisema wazi: Prado tuiangalie ikipita. Zilizobaki zilikuwa mbili, Toyota RAV4 ya umbo la pili, lile la 2000 hadi 2005, na Nissan X-Trail ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka huohuo wa 2000. Zote ni wazee kutoka Japani, ambako gari hukaguliwa kila baada ya miaka miwili kwa gharama inayomfanya mwenyewe aone bora aliuze. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Sisi Tanzania wazee tunawapokea kwa mikono miwili, halafu tunawatoza ushuru wa uchakavu.

Shemeji yangu, mwenyekiti aliyejiteua, alifunga mjadala kabla haujafunguliwa. "Nissan ni kimeo," alisema. "Toyota hata ukikwama Tunduru, spea unazikuta." Hajawahi kufika Tunduru, wala hajawahi kumiliki gari, lakini aliongea kwa uchungu wa mtu aliyeuguza X-Trail mpaka dakika ya mwisho. Fundi wangu wa Gerezani alisema yeye hana upande, gari lolote litamletea riziki. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Lilikuwa linaendeshwa na nani?" Kamati ikaona hilo si swali la kiufundi, tukaendelea.

Dalali wa kwanza alitupeleka kwenye RAV4 iliyong'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. "Bosi wangu, hii ilikuwa ya mama mmoja, kanisani na sokoni tu." Fundi hakujibu. Alitandika gunia, akalala chini na kuchungulia. Akatoka akapangusa mikono.

"Propela shafti iko wapi?"

Dalali hakupepesa hata jicho. "Tuliitoa, mkuu, kupunguza ulaji wa mafuta."

Fundi akarudi chini, safari hii na tochi. "Hii haikutolewa," alisema kutoka uvunguni. "Hii haikuzaliwa nayo." Kumbe RAV4 za injini ya 1.8 zilitengenezwa za kusukuma magurudumu ya mbele peke yake. Hiyo namba 4 kwenye jina haina dhamana yoyote. Fowili inathibitishwa chini ya gari, kwa propela shafti na difu ya nyuma. Shemeji alishauri tuichukue hivyo hivyo, kwa sababu rangi yake haishiki vumbi.

RAV4 ya pili ilikuwa na kila kiungo chake. Injini 2.0, na fowili yake haina swichi wala mjadala: magurudumu yote yanasukumwa muda wote. Dashibodi ilisoma kilomita 68,000. Nilianza kutabasamu, lakini fundi alikuwa anatazama miguuni. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinachungulia. Kisha akafungua mlango wa dereva na kukuta kwenye nguzo stika kuukuu ya kubadilisha oili, ya Kijapani. Maandishi hatukuyaelewa, ila tarakimu ni lugha ya dunia nzima: 142,000. Gari lile lilikuwa limeingia nchini likiwa na umri mkubwa kuliko uliokuwa unasomeka sasa.

"Huyo mama," fundi alimuuliza dalali, "kanisa lake lilikuwa Kigoma?"

Akaongeza kwamba injini yenyewe ni D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kwa mafuta safi na fundi anayeijua, haina neno. Kwa mafuta ya kwenye madumu ya pembeni mwa barabara, pampu yake inakufa na wewe unaanza kupanda daladala. Shemeji alisema hiyo ni propaganda.

X-Trail tuliikuta kwa mwalimu mstaafu. Dalali hakuwepo, wala kung'arishwa hakukuwepo; bampa lilikuwa na kovu na mwenyewe alituonyesha kabla hatujaliona. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa daftari la shule la kurasa tisini na sita. Kila oili, kila plagi, kila bushi, tarehe na bei, kwa mwandiko wa ubaoni. Pembeni ameandika maoni kwa wino mwekundu: "Fundi huyu asirudiwe."

Tulipowasha, sauti ya mama wa Kijapani ilitoa tangazo refu lenye adabu. Ni kile kifaa cha kulipia barabara za kwao, kinakumbusha kwamba hujachomeka kadi. "Nimeishi naye miaka yote," mwalimu alisema. "Huwa namjibu marahaba." Redio nayo ilikuwa bado na uraia wa Japani: masafa yake yanaanzia 76 na kugota 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Iliyonasa ilikuwa mahubiri, nayo kwa mikwaruzo.

Tatizo la X-Trail ile, na hili wauzaji hawalisemi, ni kwamba mita zake ziko katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Mwendo wako na mafuta yako ni mali ya umma. Mwanamume wa Dar aliyezoea kuweka mafuta ya elfu kumi kimyakimya hapa hana pa kujificha. Tulipolitoa kulijaribu tulikuwa tumempa lifti mama mkwe, kaketi nyuma katikati, na hatukufika mbali.

"Baba," alisema kwa upole, "huo mshale uliolala pale chini kabisa, si ndio wa mafuta?"

Nikaingia kituoni nikajaza tanki, gari ambalo hata si langu.

Mwalimu ndiye aliyesema fowili haijaribiwi kwenye lami. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukaelekea kilimani kwetu. X-Trail ina swichi: 2WD ya kubana matumizi, AUTO inayojiamulia yenyewe, na LOCK inayolazimisha nguvu ziende mbele na nyuma. Nikabonyeza LOCK. Tulipanda vizuri hadi katikati, kisha magurudumu yote manne yakaanza kuzunguka pale pale kwa umoja na mshikamano. Tairi zilikuwa vipara. Mfumo ulifanya kazi yake yote. Ulikosa cha kushikia.

Shemeji alishuka kuelekeza. Alisimama nyuma ya tairi, shati jeupe la Ijumaa, akapaza sauti: "Kanyaga!" Nikatii. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya ukuta tangu tulipofika walicheka kwanza, kisha wakaja kupatana bei ya kusukuma.

Mwalimu hakutafuta visingizio. Alipanda gari na matope yake, akafungua daftari na kuandika: "Limekwama Goba. Sababu: tairi." Kisha akapunguza bei kwa thamani ya tairi nne mpya, na tukamalizana kwa mwanasheria. Shemeji mpaka leo hajaitambua X-Trail ile rasmi, ingawa lifti anaomba.

Basi, ukiniuliza RAV4 au X-Trail, nakuuliza kama mke wangu: lilikuwa linaendeshwa na nani? Nenda asubuhi bila miadi, ushike boneti kabla ya kushikana mikono; ikiwa ya moto, mwenye gari kaamka mapema kuficha jambo. Injini ikiwashwa ya baridi, tazama moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma ni maji yanaingia kwenye silinda. Inama uione propela shafti kwa macho yako. Soma raba za pedali kabla ya kusoma dashibodi, na hakikisha kadi ya gari ina jina la anayekuuzia na namba haidaiwi faini za trafiki. Ukimpata mwenye daftari, nunua, hata kama nembo yake haipendwi ukweni. Na mshauri asiyechangia mafuta, mpe kiti cha nyuma, mbali na mita.