YAH: Ombi la Kutoiondoa Foleni Yetu

Kwa Mheshimiwa Mhusika wa Foleni,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa, shikamoo. Sisi wakazi wa Goba hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali na foleni.

Tumesikia una mpango wa kuiondoa. Tunakuomba uiache, maana imelelewa kwa jasho. Mashamba yalipokatwa viwanja, dalali alituonyesha barabara kwa kidole: itapita hapa. Wa kwanza akajenga, wa pili akazungusha ukuta, wa tatu akala nusu ya njia. Wewe ulinyamaza, kwa busara. Ukija baadaye utakuwa na mahali pa kupaka X nyekundu ya bomoabomoa, kama walivyopakiwa wa Kimara mwaka 2017.

Flaiova tumeziona, na tunashukuru. Tazara ilifunguliwa 2018, Ubungo 2021, na Barabara ya Morogoro ikatanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha. Sasa tunaiwahi sana foleni inayofuata.

Asubuhi sote tunaelekea upande mmoja. Upande wa pili unaweza kuanika mpunga. Jioni pande zinabadilishana. Sababu unaijua: Kariakoo iko kule, Muhimbili iko kule, bandari na makao makuu ya benki viko kule kule. Serikali yenyewe ilihamia Dodoma, foleni ikakataa uhamisho. Huku kwetu umetuletea wapangaji, baa na vituo vya mafuta, basi mwenye shida ya maana lazima ashuke mjini.

Usisahau kumpongeza trafiki wa kwenye mataa. Taa inawaka kijani, yeye anainua mkono. Inawaka nyekundu, anatuita twende. Akimaliza, unapita msafara wenye ving'ora, nasi tunawanunulia watoto karanga na maji ya kunywa dirishani.

Kuna wachochezi wanaotaja mabasi. Wanasema basi moja refu la mwendokasi hubeba watu zaidi ya mia, na mia hao wakija kila mmoja na gari lake, kama tulivyo mimi na jirani zangu, wanaziba zaidi ya nusu kilomita. Hesabu hii ni ya hatari, Mheshimiwa. Bahati nzuri mwendokasi wenyewe, tangu uanze 2016, unatulinda dhidi ya kishawishi: mtu akiona wenzake wa Kimara wanavyogombania mlango, anarudi kukopa gari. Na kule Mbagala vituo vilikaa muda mrefu vikisubiri mabasi. Abiria wamezoea kusubiri basi; uliwapa nafasi ya kuona kituo nacho kikisubiri.

Lakini ikiwa ni lazima uiondoe, fanya hivi. Kabla hujamwaga lami nyingine ya magari madogo, nunua mabasi ya kutosha na uyatengee njia mpaka huku. Eneo ambalo bado ni shamba, pima barabara zake kwanza, dalali aje baadaye. Tuletee huku hospitali yenye madaktari bingwa na soko la jumla, tupunguze kushuka mjini. Halafu njoo mwenyewe, siku ya Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, upande daladala pale Goba Njia Nne. King'ora kiache nyumbani.

Wako mtiifu, nikiwa bado sijafika kazini,
Mkazi wa Goba.