Tarumbeta, Mpunga na Ndiva: Namna ya Kutoka Maore Kwenda Kusomea Uzamili wa Muziki

Anza na mama. Kabla hujatafuta chuo, kabla hujajaza fomu yoyote, kaa naye jikoni umwambie kwamba unataka shahada ya uzamili ya kupiga tarumbeta. Atanyamaza. Kisha atauliza kama siyo hiyo hiyo unayopiga kanisani kila Jumapili bila kulipwa, na kwa nini kitu unachokijua tayari ukakisomee Ulaya miaka miwili. Usikasirike. Hakuna atakayekuuliza swali zuri kuliko hilo, na wasaili wa chuo watalirudia kwa maneno yao: unajua nini, na umebakiza nini? Siku mama atakapoelewa jibu lako, barua ya kueleza nia utakuwa umeshaiandika. Kilichobaki ni kuifasiri.

Nachukulia Ujerumani kuwa mfano, na nina sababu. Wamisionari wa Kilutheri walioingia Upareni mwanzoni mwa karne iliyopita walitumwa na Misheni ya Leipzig, na bendi za matarumbeta za makanisa ya huku kaskazini zina asili ya Kijerumani. Mji huo wa Leipzig una chuo cha muziki kilichoanzishwa na Felix Mendelssohn mwaka 1843. Kwa hiyo kijana wa Maore, huku Upareni, akipiga hodi kule haendi kuomba cha watu. Anafuata sauti iliyokuja kwao zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ikakaa milimani, ikajifunza Chasu, lugha ya Wapare.

Sasa mazoezi. Tarumbeta haina siri. Ipulize saa kumi na moja alfajiri, kijiji chote kitaamka, na mzee wa jirani atakuja na fimbo yake kuuliza nani kafariki. Nenda shambani. Mpunga ukianza kubeba, kwelea kwelea hushuka kwa makundi na lazima mtu aamie ndege kutwa nzima, kazi ambayo kila nyumba inaitafutia mtoto wa kuisukumia. Jitolee wewe. Piga nota ndefu, moja moja, kutoka chini kwenda juu, pumzi ikianzia tumboni; kisha skeli; kisha upumzishe midomo, maana midomo iliyochoka haijifunzi kitu, inaharibika tu. Ndege watakimbia, mpunga utapona, na mpaka wakati wa kuvuna utakuwa na saa nyingi za mazoezi ambazo hakuna jirani aliyezilalamikia. Nasema hivi kwa moyo wote: sijui ukumbi wa mazoezi mzuri kuliko bonde la mpunga lenye Milima ya Pare nyuma yake.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo huwakwamisha vijana hodari. Ulilelewa na solfa, na solfa imekupa sikio zuri. Mtu akikuimbia kipande unajua mara moja kimesimama kwenye do au kwenye so. Lishike hilo. Lakini vyuo vitakuwekea nota za mistari mitano, na hapo mpiga tarumbeta ana mtego wake. Katika mtindo wa bendi za kanisa za Kijerumani, tarumbeta husoma nota kama inavyosikika: imeandikwa C, inatoka C. Kwingineko, tarumbeta ya kawaida ya B-flati inasomwa tofauti: imeandikwa C, inatoka B-flati. Kwa hiyo mtu aliyepiga miaka kumi anaweza kuwekewa karatasi ngeni akaonekana ameanza jana. Ujuzi wake uko palepale, ila macho na vidole havijazoeana. Jipe miezi sita ya kuvizoesha. Mtafute mtu aliyepitia idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akukalishe chini.

Na kama shahada ya kwanza huna, ni hukohuko pa kuanzia, kwa sababu uzamili hauruki ngazi. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, itakupa stashahada na jukwaa zuri. Bado utahitaji shahada juu yake.

Karibu kila orodha ya usaili wa tarumbeta ina konseto ya Haydn ya mwaka 1796. Ijue hiyo. Sehemu ya pili, ile ya taratibu, wengi huipitia haraka wakikimbilia mbwembwe za mwisho. Wewe itulize, maana umepiga nyimbo za msiba tangu utotoni na unajua sauti ya chuma inavyoweza kumliwaza mtu.

Video ya usaili irekodiwe kati ya Juni na Septemba. Hapa sitanii. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba mosi, wakati vuli imechachamaa. Vya Ujerumani mara nyingi hufunga kati ya Februari na Aprili, na masika ndiyo hayo yanabisha hodi. Kanisa lako limeezekwa bati. Mvua ikipiga bati, hakuna maikrofoni duniani itakayomsikia Haydn. Rekodi wakati wa kiangazi, siku ya kazi, watu wakiwa mashambani, boda boda wakiwa wameombwa kwa heshima wapitie njia ya chini. Simu iweke mbali kidogo na kengele ya tarumbeta, la sivyo sauti itakwaruza. Usikate na kuunga, maana wasaili wanataka kipande kizima bila kukatizwa. Umeme ukizimika, subiri.

Barua za mapendekezo ni kazi ya diplomasia. Mchungaji atakuandikia kwa furaha kwamba wewe ni muumini mwaminifu, huna ulevi, na unawahi ibada. Yote ni kweli, na mshukuru. Kisha mwombe, shikamoo ikitangulia, aongeze kwamba kwa miaka kadhaa umefundisha wapigaji wapya, umepanga sauti nne za bendi, na umeongoza matarumbeta kwenye mikutano ya injili. Wanaosoma barua ile wanataka kujua unafanya nini mbele ya watu wenye vyombo mikononi.

Lugha nayo ina gharama yake. Vyuo vya muziki vya Ujerumani mara nyingi hutaka Kijerumani cha ngazi ya B1 au B2. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu nauli na mahali pa kulala, siyo karo peke yake.

Tumefika kwenye pesa, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote. Kule milimani babu zetu walichimba ndiva. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, ardhi inakinywa kabla hakijafika kwenye mhindi wa tatu. Basi usiku, watu wamelala, maji huachwa yakusanyike ndani ya ndiva. Asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka na mfereji kwa nguvu, kila mtu kwa zamu yake. Shahada hii nayo hugharamiwa hivyo. Ukikaa ukisubiri mto mmoja mkubwa, mfadhili mmoja wa kukulipia kila kitu, utazeeka ukisubiri.

Vijito vipo. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa uzamili uliotengwa kwa wanamuziki, na huamuliwa kwa rekodi zako. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chevening hulipia mwaka mmoja Uingereza, lakini hutaka saa 2,800 za kazi kabla yake na miaka miwili nyumbani baada yake. Kama umefundisha muziki shuleni, tunza mkataba wako. Chuo cha muziki cha Yale, Marekani, hakitozi karo mwanafunzi yeyote, tangu kipate zawadi ya dola milioni 100 mwaka 2005, na ndiyo maana mlango wake ni mwembamba. Bodi ya Mikopo kazi yake kubwa ni shahada ya kwanza, usiiwekee bajeti.

Halafu viza. Ujerumani hutaka uthibitisho kwamba utaweza kuishi, na kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 30. Barua ya ufadhili huweza kusimama badala ya fedha hizo. Bila barua, usiuze shamba. Narudia, usiuze shamba la mpunga wala la tangawizi, hata kaka yako akisema yuko tayari kutia saini.

Itisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Tunajua kuunda kamati ya harusi, yenye mwenyekiti, mweka hazina na kadi za michango, kwa sherehe ya usiku mmoja. Unda kamati ya namna hiyo kwa miaka miwili ya masomo, ila badala ya kadi wape watu tamasha: bendi yako, kwaya za Gonja na Ndungu, Waadventista na Nyimbo za Kristo zao. Kila shilingi iandikwe daftarini na isomwe hadharani. Wanatutania kwamba Mpare hatoi hela kirahisi. Sawa, lakini akishatoa anafuatilia, na wewe unahitaji watu wa kukufuatilia.

Barua ya kukubaliwa ikija na nusu ya ufadhili, usinyamaze kwa adabu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, wakapiga kambi, wakapeleka malalamiko ngazi kwa ngazi, na hatimaye kodi ile ikafutwa; Profesa Isaria Kimambo ameandika historia yake. Wewe huhitaji kambi. Andika barua fupi, shukuru, taja kiasi kinachopungua kwa tarakimu, uliza kama lipo fungu jingine au kazi ya kufundisha chuoni.

Mahali pamoja kwenye fomu wataomba majina ya walimu wako wakuu wa chombo. Vijana huandika profesa waliyeonana naye kwenye semina ya siku mbili, kwa kuwa jina lake linatamkika vizuri kule. Andika la yule aliyekushikisha tarumbeta ukiwa darasa la nne, akakuonyesha pa kuweka midomo, akakukemea ulipovimbisha mashavu. Liandike kamili, matatu yote.