Gari Linamisi, Mfuko Umenoki

Fundi akikwambia, "Ammi, hii ni shida ndogo tu," tafuta baraza ukae, uagize kahawa tungu. Mji wa Kale baraza hazitupungui, na tangu ninunue gari nimezikalia zote, kutoka Ngome ya Yesu hadi mwisho wa Ndia Kuu. Sigombi kwa nini gari linaharibika. Chuma ni chuma, na upepo huu wa bahari una chumvi inayokula bodi usiku na mchana, hata Ijumaa haipumziki. Ninachogombea ni maneno. Fundi hutoa neno moja, mimi hutoa noti.

Chukua "inamisi". Gari dogo kwa kawaida lina silinda nne. Moja ikikosa kuwaka, injini hutetemeka gari likisimama, na ukipanda daraja la Nyali unapitwa hata na tuktuk. Kumisi kwenyewe ndiko huko, hakuna siri nyingine. Mara nyingi mkosaji ni plagi au koili, na plagi hufunguliwa kwa spana ukaiona kwa macho: ikiwa nyeusi tititi, imejaa masizi. Lakini fundi wangu, plagi hajaigusa, alikuwa ameshanipigia hesabu ya nozeli, pampu ya mafuta na sensa. Nikamuuliza, sensa gani? "Ile ya ndani, ammi." Ya ndani! Kwani gari lina sensa ya kuning'inia nje?

"Imenoki" ndiyo hukumu ya kifo. Kunoki hasa ni beringi za krenki kusagika, aghalabu kwa kukosa oili, mpaka chuma kikawa kinagonga chuma na mlio ukasikika mtaa wa pili. Hapo lia, una haki. Ila siku hizi hata feni ikipiga kelele, fundi hutikisa kichwa: imenoki. Kabla hujaanza kuuza shamba la urithi, chomoa kile kijiti cha kupimia oili utazame imefika wapi.

Na hiyo oili nayo! Kwenye debe pameandikwa 20W-50. Ukimuuliza wa dukani maana yake, atakujibu, "Hiyo nzito." Nambari ya kwanza, yenye W, yaeleza oili inavyotiririka wakati wa baridi, ya pili yaeleza uzito wake ikishapata moto wa nyuzi 100. Baridi yetu sisi ni ile ya Julai, wazee wanapovaa sweta kwenye nyuzi 22, kwa hivyo nambari ya kwanza haitutoi jasho. Fuata kitabu cha gari, "nzito" ya dukani waachie wenyewe.

Vijana wa bodaboda wanaongoja abiria nje ya Ngome nao wana yao. "Mzee, panda, hii ni 150, inavuta!" Hizo cc 150 ni nafasi ambayo pistoni huifagia ndani ya silinda: mililita 150, hazijazi hata kikombe cha chai. Kwa kikombe hicho kijana hupakia abiria wawili, godoro na gunia la mkaa, halafu analalamika klachi inateleza. Klachi huteleza sahani zake zikilika: injini inalia, gurudumu haliendi. Huhitaji fundi kujua kilichozila. Teremsha godoro.

Muuza tairi za mitumba yeye ni bingwa. "Hii mpya, shekhe, haijaguswa." Nikatazama ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, nikakuta tarakimu nne: 2314. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira huzeeka hata ukilala dukani. Nikamwonyesha. "Hiyo nambari ya kontena," akasema, wala hakupepesa.

Kungoja spea nako kwanikumbusha historia: Waomani waliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na Wareno waliokuwa ndani walikuwa wakitazamia msaada kutoka Goa. Merikebu za mwisho zilipofika, ngome ilikuwa imeshatekwa. Nami kila nikiulizia gari langu karakana naambiwa, "Spea iko njiani, ammi." Sijaambiwa kama inatoka Goa.

Basi siku hizi jibu langu kwa mafundi wote ni moja: nionyeshe. Plagi imekufa? Nionyeshe. Beringi imesagika? Nionyeshe. Umebadilisha? Hebu ile ya zamani niende nayo nyumbani. Fundi mwaminifu hufurahi, hata hukufundisha zaidi ya ulichouliza. Yule mwengine hukumbuka ghafla kwamba anawahi swala ya alasiri, na saa ni tatu asubuhi.